Mashine ya mchezo: kabla ya kuuliza bei, uliza kama inafunguka

Kila Idi inapokaribia, wapo watu wa pwani wenye shughuli zao Nairobi ambao hupewa maagizo na watoto waliobaki nyumbani. Zamani agizo lilikuwa kanzu, viatu au mpira. Siku hizi mtoto wa miaka 10 humtajia babake mashine ya mchezo ya mkononi kwa jina lake, namba yake na rangi yake. Baba huitikia "inshallah" ilhali hajui anachokiitikia. Ijumaa ikifika, akishaswali Msikiti wa Jamia, huvaa viatu akashika njia kwenda kutafuta kitu asichokijua, kwa fedha anazozijua vyema zilivyopatikana.

Makala haya yamekusudiwa mtu huyo. Si kumkataza, kwani mchezo ni haki ya mtoto, na wazee wetu nao wamekaa barazani miaka na mikaka wakigonga kete. Makusudi ni kumpa swali moja la kumwuliza muuzaji. Swali lenyewe ni hili: je, mashine hii inafunguka?

LUTHULI NA MITAA YA MAGHARIBI

Kutoka Jamia, mtu akivuka Kimathi Street, Moi Avenue na Tom Mboya Street atafika Luthuli Avenue, ambako Nairobi nzima huendea redio, spika, simu na spea zake. Barabara hii ilitengenezwa upya mwaka 2019, na waenda kwa miguu wakapata nafasi ya kupita na kutazama. Hapo kuna mashine mpya na za mtumba, na muhimu zaidi, wako mafundi: vijana wenye bisibisi ndogo kama sindano, taa mezani, na pasi ya kulehemu inayotoa moshi kutwa.

Akipanda matatu kwenda Westlands, mambo hubadilika. Katika majumba ya biashara kama Sarit Centre, lililofunguliwa mwaka 1983, au Yaya Centre ya Kilimani, mashine hukaa nyuma ya kioo ndani ya sanduku lililofungwa, na bei yake husomwa kwa sauti ya chini. Akiendelea magharibi hadi Kangemi na Kawangware, atakuta vibanda ambamo vijana hawanunui mashine hata kidogo. Hulipa kwa mechi, wakacheza mpira wa kwenye kioo, kisha wakaenda zao.

Basi Nairobi ina njia tatu: kununua kilichofungwa, kununua kilichokwisha kufunguliwa, au kukodi. Kila njia ina watu wake. Lakini anayenunua lazima ajue historia kidogo, maana historia ya vitu hivi ina funzo ambalo matangazo hayalisemi.

FUNZO LA MTU WA KYOTO

Kampuni ya Nintendo ya Kyoto, Japani, ilianza mwaka 1889 ikitengeneza karata. Miaka karibu 90 baadaye ilikuwa na mtengenezaji aitwaye Gunpei Yokoi, aliyeamini kwamba si lazima kukimbilia ufundi mpya kabisa. Alichukua ufundi uliokwisha kuzoeleka na kushuka bei, akautumia kwa namna mpya. Mwaka 1980 alitoa Game & Watch, mchezo mdogo wa mfukoni wenye kioo cha namna ileile ya vikokotoo, ambavyo wakati huo vilikuwa rahisi.

Mwaka 1989 ilitoka Game Boy. Kioo chake hakikuwa na rangi, ila vivuli vinne tu vya kijivu chenye ukijani, na hakikuwa na taa. Mwaka huohuo kampuni ya Atari ilitoa Lynx, yenye rangi na taa, na mwaka 1990 Sega ikafuata na Game Gear, nayo ya rangi. Mtu akiziweka tatu hizo mezani dukani, hapana shaka mtoto angeikimbia Game Boy.

Lakini Game Boy ilikuwa ikila mawe manne madogo ya tochi kwa saa 15 na zaidi. Zile za rangi zilikula mawe sita kwa saa nne au tano. Mzazi ndiye aliyenunua mawe, na mzazi ndiye aliyeamua. Game Boy, pamoja na nduguye ya rangi iliyotoka 1998, ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Game Gear iliuzwa kama milioni 10, na Lynx haikufika hapo. Iliyoshinda haikuwa yenye nguvu kuliko zote. Ilishinda ile iliyokuwa ingali inawaka wakati wenziwe zimezima.

BETRI, VIJITI NA KASETI

Sasa tumrudie baba yetu pale Luthuli. Mbele yake kuna Switch ya Nintendo, iliyotoka Machi 2017 na kuuzwa duniani zaidi ya milioni 150, au Switch 2 ya Juni 2025. Pengine pia ipo Steam Deck ya kampuni ya Valve, iliyotoka 2022, ambayo kwa kweli ni kompyuta iliyovishwa vijiti. Atazame nini?

Kwanza, betri. Siku hizi mawe ya tochi yamekwisha, na betri ya lithiamu imefungiwa tumboni mwa mashine. Nintendo yenyewe inasema Switch 2 huenda saa 2 hadi 6 na nusu, kwa kutegemea mchezo. Steam Deck ya kwanza ilitajwa kwenda saa 2 hadi 8. Tuyapime maneno hayo kwa kipimo chetu: treni ya Madaraka Express, iliyoanza mwaka 2017, hutoka Nairobi hadi Mombasa kwa muda wa saa tano hivi. Mtoto akicheza mchezo mzito, mashine yaweza kuzima kabla ya Mtito Andei, na hapo ni betri ikiwa mpya. Betri ya lithiamu ikishachajiwa mara mia kadhaa huanza kuchoka. Kwa hiyo asiulize tu inadumu saa ngapi leo, bali aulize ni nani atakayeibadilisha baada ya miaka mitatu, na kwa spea ipi. Valve iliruhusu spea za Steam Deck ziuzwe hadharani tangu 2022, na hilo ni jema, ingawa betri yake ya kwanza ilibandikwa kwa gundi kali inayomtoa fundi jasho.

Hapo hapo atazame chaja. Umeme wa Kenya ni volti 240. Chaja nyingi za sasa zimeandikwa 100 hadi 240, nazo hazina neno. Lakini mashine kongwe zilizotoka Japani zilikuja na chaja za volti 100, na ukiichomeka ukutani hapa kwetu utapata moshi badala ya mchezo. Maandishi ni madogo, lakini yasomwe.

Pili, vijiti. Ndani ya vijiti vingi kuna kipande chembamba cha kaboni kinachosuguliwa kila kidole kinaposogea. Kikilika, mchezaji wa kwenye kioo hutembea peke yake kama aliyepagawa. Malalamiko juu ya vijiti vya Switch yalikuwa mengi hata rais wa Nintendo, Shuntaro Furukawa, akaomba radhi mwaka 2020. Vipo vijiti vya sumaku visivyosuguana, navyo huishi zaidi. Sisi wa pwani tuna adui mwingine: hewa ya chumvi na unyevu, ambayo hula shaba na kuotesha kutu mahali jicho lisipofika. Anayenunua mtumba aiwashe mashine, aachie vijiti, atazame kioo. Kitu kikisogea bila kuguswa, airudishe mezani kwa salama.

Tatu, kaseti. Hapa ndipo wengi wanapopunjwa bila kujua. Zamani mchezo ulikuwa ndani ya kaseti. Ukiwa na kaseti una mchezo, ukamwazima jirani, ukamwuzia mwingine. Leo michezo mingi haipo dukani bali hupakuliwa kwa intaneti, na hata baadhi ya kadi zinazouzwa kwa Switch 2 hazina mchezo ndani yake. Kadi ni ufunguo tu, na mchezo wenyewe lazima upakuliwe kwa bando lako. Tena duka la mtandaoni la Nintendo halina mlango wa Kenya, na wengi hujiandikisha kana kwamba ni wakazi wa nchi nyingine. Duka lenyewe nalo hufungwa: mnamo Machi 27, 2023, Nintendo iliacha kuuza michezo kwa mtandao kwa wenye mashine za 3DS, zilizotoka 2011. Kaseti kongwe nayo si ya milele, kwani nyingi zina betri ndogo ya kuhifadhi kumbukumbu, na hiyo hufa. Lakini fundi wa Luthuli akiwa na pasi ya kulehemu ataibadilisha. Duka lililofungwa ng'ambo hakuna fundi wa kulifungua.

HALALI YA PESA

Liko jambo jingine ambalo muuzaji hatalitaja. Baadhi ya michezo, hasa ya simu, ina masanduku ya bahati nasibu: mtoto hulipa bila kujua atapata nini, na akikosa hulipa tena. Mwaka 2018 wakuu wa Ubelgiji waliamua kwamba masanduku ya namna hii ni kamari. Sisi hatukuhitaji kungoja Ubelgiji, maana dini yetu imeshatuonya juu ya kamari. Mzazi asiiunge simu yake ya M-Pesa wala kadi yake ya benki na mashine ya mtoto.

Kuna pia vidude vya bei nafuu kutoka Uchina vinavyokuja na maelfu ya michezo ya kale ndani ya kadi moja. Vidude vyenyewe havina kosa, na vingine vimeundwa vizuri. Lakini michezo hiyo aghalabu imenakiliwa bila idhini ya wenyewe, na Kenya ina Sheria ya Hakimiliki tangu 2001. Zawadi ya Idi isiwe na jasho la mtu ndani yake.

KESHO ITAKUWAJE

Wengine wanauliza: haya yote ya nini, na simu ipo? Ni kweli. Tangu Nokia ilipotia mchezo wa nyoka katika simu yake ya 6110 mwaka 1997, simu imekuwa mashine ya mchezo ya watu wengi kuliko nyingine yoyote, na hivyo ndivyo itakavyoendelea Kenya. Mashine za mkononi zitabaki kitu cha wenye uwezo. Tena mwishoni mwa 2025 bei ya chipu za kumbukumbu ilipanda, kwa sababu makampuni ya akili bandia yanazigombania, na hilo halitoi tamaa ya bei kushuka upesi.

Lakini kuna dalili mbili njema. Ya kwanza ni sheria ya Umoja wa Ulaya: kuanzia Februari 18, 2027, vifaa vingi vya mkononi vinavyouzwa huko vitatakiwa viwe na betri ambayo mwenyewe anaweza kuitoa na kuibadilisha. Kampuni zikibadili maumbo kwa ajili ya Ulaya, huenda nasi tukayapata.

Ya pili iko papa hapa Nairobi. Mwaka 2007 Wesley Kirinya alitoa mchezo wa kompyuta uitwao The Adventures of Nyangi. Mwaka 2009 yeye na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha Leti Arts. Mwaka 2010 iHub ikafunguliwa Ngong Road, ikawa baraza la vijana wa kompyuta, na mwaka 2015 Black Division Games ikatoa Nairobi X. Michezo hii ilitengenezewa kompyuta na simu. Sababu haifichiki: mashine za Nintendo na Sony zina mlango wenye bawabu, na mtunzi haingii ila kwa ruhusa ya kampuni. Mashine iliyo kompyuta, kama Steam Deck, haina bawabu wa namna hiyo. Kijana wa Kilimani akitunga mchezo wa kompyuta leo, aweza kuutia humo mwenyewe na kuucheza mkononi.

Hapo ndipo kufunguka kunapotuhusu sisi. Bao letu la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na limepita mikononi mwa watu vizazi na vizazi bila betri wala duka la mtandaoni. Likipasuka, seremala hulichonga jingine; kete zikipotea, huokotwa komwe nyingine. Halikufa kwa sababu kila mtu aliweza kulitengeneza na kila mtu aliweza kulifundisha. Kijana atakayetaka kulitia ndani ya mashine atahitaji mashine inayomkubali.

Kwa hiyo, baba uliyesimama pale Luthuli na noti mfukoni, usione haya kumkawiza muuzaji. Mwulize: fundi anaweza kuifungua? Mchezo umo ndani ya kaseti, au uko ng'ambo? Ukijibiwa vizuri, nunua, na umwekee mtoto masharti ya swala, madrasa na usingizi. Ukijibiwa kwa kucheka, kanunue kanzu mwaka huu. Idi nyingine itakuja, inshallah, na mashine ya bei hiyohiyo itakuwa bora zaidi.