Sanduku la Noeli Lisiwe Sumu kwa Watoto Wetu



Kipindi cha Noeli hufungwa kwa sikukuu ya Ubatizo wa Bwana. Baada ya hapo, katika nyumba nyingi za parokia zetu, pango hubomolewa, taa hushushwa, na kanzu nyeupe walizovaa watoto wa Utoto Mtakatifu katika mchezo wa kuzaliwa kwa Bwana hukunjwa. Vyote huingia katika sanduku la bati, sanduku husukumwa chini ya kitanda, na halikumbukwi tena mpaka Majilio. Kabla ya kulifunga, mama au dada mkubwa hutupia humo vidonge vyeupe vya naftalini, viwili huku, vitatu kule, ili nondo na mende wasiharibu nguo.

Desturi hiyo tumeipokea kwa mama zetu, na harufu yake kali tumeizoea kama harufu ya usafi. Mwezi huu tunaomba tuiangalie upya.

Hebu fikirini Desemba ijayo. Mchezo unahitaji Mtoto Yesu, na katika jumuiya yupo mtoto wa wiki tatu. Jioni ya mkesha sanduku linafunguliwa, shuka jeupe linatolewa, linakung'utwa mara mbili, na mtoto anaviringishwa humo. Misa ikiisha anarudi nyumbani nalo, analala nalo. Siku ya pili au ya tatu hataki kunyonya, macho yamekuwa ya njano, na mkojo umekuwa mweusi. Wazazi watadhani ni malaria. Nani atakumbuka shuka?

NAFTALINI HUDHURUJE?

Naftalini hutokana na lami ya makaa ya mawe au mafuta ya petroli. Vidonge vyake havigeuki maji, bali hugeuka hewa polepole. Ndiyo maana ukifungua sanduku baada ya miezi kadhaa unakuta vimekuwa vidogo au vimekwisha. Lakini hewa ile haikupotea yote, nyingine imeingia ndani ya nguo. Mtoto anayevalishwa nguo hizo huivuta kwa pua na kuipokea kwa ngozi. Ngozi ya mtoto mchanga ni laini sana, na akiwa amepakwa mafuta, kama ilivyo desturi yetu, sumu hupenya kwa urahisi zaidi.

Ikisha kuingia mwilini, naftalini huharibu chembe nyekundu za damu. Kiasi kikubwa kinaweza kumdhuru mtu yeyote. Lakini wapo wanaodhurika kwa kiasi kidogo tu, nao ni wale waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho kazi yake ni kuzilinda chembe hizo. Hali hii hurithiwa, huwapata zaidi watoto wa kiume, na ni ya kawaida katika nchi zenye malaria, yetu ikiwamo. Mwenye nayo huonekana mzima kabisa, na mara nyingi wazazi wake hawajui kitu.

Chembe zinapopasuka kwa wingi, damu hupungua na rangi ya njano hujaa mwilini. Kwa mtoto mchanga rangi hiyo ikizidi huweza kuingia kwenye ubongo. Mtoto anaweza kufa, au akapona akiwa kiziwi au mwenye ulemavu wa maisha. Madaktari wamewapokea watoto wa namna hiyo katika nchi mbalimbali, Nigeria ikiwa mojawapo. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku vidonge vya naftalini mwaka 2008.

Kuna hatari nyingine iliyo wazi zaidi. Vidonge hivi vinafanana na peremende. Mtoto wa miaka miwili akikiona kimoja kimeviringika sakafuni atakitia mdomoni, na hata kimoja kinatosha kumuugua.

NGUO TUZILINDEJE?

Kwanza tumjue adui. Anayetoboa nguo ni kiwavi wa nondo, na chakula chake ni sufu, hariri na manyoya. Kanzu nyingi za malaika wetu ni za pamba au nailoni. Hizo nondo hazitaki, isipokuwa zina jasho au mabaki ya chakula. Mende naye hufuata uchafu na wanga. Kwa hiyo nguo safi na kavu hazihitaji sumu yoyote. Fanyeni hivi:

1. Fueni kila vazi, hata lililovaliwa saa moja tu. Msitie wanga nguo inayokwenda kuhifadhiwa.

2. Zianikeni juani mpaka zikauke kabisa, kisha zipigeni pasi ya moto, hasa kwenye mishono. Joto huua mayai ya wadudu.

3. Zikisha kupoa, zitieni katika mfuko wa nailoni usio na tundu, mfungeni vizuri, ndipo muweke katika sanduku au ndoo yenye kifuniko. Mfuko huo nao usiachwe mikononi mwa watoto wadogo, kwa maana wakiuvaa kichwani hukosa pumzi.

4. Liwekeni sanduku juu ya matofali au mbao, mbali kidogo na ukuta. Wakati wa masika sakafu hutoa unyevu, na unyevu huleta ukungu. Nguo zenye ukungu huwasumbua sana wenye pumu.

5. Masika yakisha kupita, lifungueni na kuanika vitu vyote tena kwa siku moja.

Msinyunyize dawa ya mende juu ya nguo, wala msiweke sumu ya panya sandukuni. Mtu atakayelifungua Desemba huenda asijue mlichoweka.

Je, kama nguo zimekwisha kukaa na naftalini? Zitoeni nje ya nyumba, zifueni kwa sabuni mara mbili, na kuzianika juani siku mbili au zaidi. Kukung'uta hakutoshi. Kama harufu ingali ipo, asivalishwe mtoto. Kwa mtoto mchanga ni heri kutafuta shuka jingine kabisa.

VITU VINGINE VYA SANDUKUNI

Betri. Siku hizi nyota, taa ndogo na kadi zinazoimba hutumia betri ndogo za duara, mfano wa kifungo cha koti. Mtoto akimeza moja ikakwama kooni, huanza kumuunguza kwa ndani, na madhara makubwa huweza kutokea katika muda wa saa 2 tu. Toeni betri zote kabla ya kuhifadhi, zifungeni kwa selotepu, na kuziweka juu asikofika mtoto. Mkishuku kuwa amemeza, nendeni hospitali papo hapo, hata kama anacheza kama kawaida.

Nyasi za pango. Hizi zisihifadhiwe. Panya huzifanya kiota, na panya huleta viroboto na magonjwa. Wenzetu wa Lushoto, waliopatwa na tauni kwa miaka mingi kuanzia 1980, hawahitaji kuambiwa hilo. Mkikuta kinyesi cha panya sandukuni msikifagie kikavu. Kilowesheni kwanza kwa maji yenye dawa ya kuua vijidudu, kisha mkifute kwa kitambaa na kunawa mikono.

Taa za umeme. Zizungusheni kwenye kipande cha boksi ili waya usikunjike. Kabla ya kuziwasha tena zikagueni zote. Waya uliotafunwa na panya au kupasuka usifungwe kwa kitambaa, bali utupwe.

Pamba na maputo. Pamba iliyowekwa kuwa theluji hushika moto upesi karibu na mshumaa, nayo haina sababu ya kuwekwa mwaka mzima. Maputo yaliyopasuka yaokotwe yote, kwa sababu humkaba mtoto akiyameza.

MTOTO AKIPATWA

Mtoto akila naftalini, msimtapishe. Tena, msimpe maziwa wala chakula chenye mafuta. Wengi wetu tumezoea kukimbilia maziwa kila mtu anapokula sumu, lakini mafuta yaliyomo huisaidia naftalini kuingia mwilini upesi. Mpelekeni hospitali, na mchukue vidonge vilivyobaki au karatasi yake.

Kama imempata kwa nguo, mvueni zote na kumwosha kwa maji na sabuni. Kisha mwangalieni kwa siku kadhaa, kwa maana dalili huweza kuchelewa siku moja mpaka tatu. Dalili zenyewe ni macho au ngozi kuwa ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, viganja kupauka, kulegea, kuhema haraka na kukataa kunyonya. Mojawapo ikionekana, msingoje asubuhi. Kumwota jua hakutoshi. Mwambieni mganga waziwazi kuwa mtoto alivalishwa nguo zilizokaa na naftalini. Neno hilo moja litamsaidia kujua apime nini na dawa zipi aziepuke.

Wapendwa, masanduku yenu huenda bado hayajasukumwa mbali. Fungueni wiki hii, toeni vidonge, anikeni nguo. Akina mama wa WAWATA na walezi wa Utoto Mtakatifu wafanye hivyo pia kwa sanduku la parokia, kwa sababu ndilo linalovalisha watoto wengi. Na jambo hili lizungumzwe katika jumuiya kabla mama mwingine hajajifungua. Kinga ni bora kuliko tiba.