Mlango wa Nyuma Uko Wapi?

Watanzania, Wakenya na Wakongo wanaoishi Pearland wanaujua utaratibu wa Jumamosi. Mji huu ni wa kulala na kulea watoto. Ule mtaa wa katikati ya mji wenye baa zilizopangana haupo. Mtu akitaka muziki wa nyumbani anapanda barabara ya 288 kuelekea kaskazini, na baada ya nusu saa hivi yuko Houston, ambako promota amekodi ukumbi na kumleta msanii kutoka Afrika.

Usiku mmoja wa namna hiyo, nikiwa nimebanwa kati ya meza na spika, nilimuuliza baunsa mlango wa nyuma uko wapi. "Braza, wewe cheza tu," alinijibu huku akicheka. Nikaenda kuutafuta mwenyewe. Mlango ulikuwepo na taa ya kutokea ilikuwa inawaka juu yake, lakini mbele yake zilipangwa katoni za bia mpaka usawa wa kifua. Ukumbi huo sitautaja, kwani jambo lenyewe si la ukumbi mmoja.

Houston inajua gharama ya msongamano. Novemba 5, 2021, kwenye tamasha la Astroworld la msanii Travis Scott katika viwanja vya NRG Park, ambavyo mtu wa Pearland hupita karibu navyo akielekea mjini, watu walibanana mbele ya jukwaa mpaka wakakosa pumzi. Walikufa 10, mdogo kuliko wote akiwa na umri wa miaka 9. Juni 2023, jopo la raia lililopitia ushahidi halikumfungulia mtu yeyote mashtaka ya jinai. Na pale palikuwa uwanja wa wazi, hapakuwa na paa.

Ndani ya kuta hali huwa mbaya zaidi. Mwaka 2003 Marekani ilipata misiba miwili katika siku nne tu. Februari 17, katika klabu ya E2 mjini Chicago, walinzi walipuliza dawa ya pilipili ili kuamua ugomvi. Umati ukakimbilia ngazi za mlango wa mbele, na watu 21 wakafa kwa kulaliana na kukosa hewa. Mahakama ilikuwa imekwishaamuru ghorofa ile isitumike. Februari 20, katika klabu ya The Station huko Rhode Island, fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa ukutani kuzuia kelele. Wengi walikimbilia mlango walioingilia, wakakwama hapo. Walikufa watu 100.

Tangu hapo kanuni za zimamoto zinazofuatwa na miji mingi ya Marekani ziliongezwa makali, ikiwemo kutaka klabu za usiku ziwe na mtu aliyefundishwa kusimamia umati, mmoja kwa kila watu 250. Kile kibao kinachosema ukumbi unabeba watu wangapi, ambacho wengi tunakipita bila kukisoma, ni amri.

Kwa Texas, sheria zimegawanyika, na hapo ndipo wengi wetu tunapochanganyikiwa. Leseni ya pombe ni ya serikali ya jimbo, kupitia tume ya vileo, TABC. Baa yenye kibali cha usiku huacha kuuza saa 8 usiku, na ikifika 8:15 glasi iwe imeondoka mezani. Baa inayopata asilimia 51 au zaidi ya mapato yake kwa pombe inayonywewa hapo hapo hubandika mlangoni tangazo lenye namba 51 kwa wino mwekundu. Maana yake ni kwamba bunduki haziingii. Tangu Septemba 1, 2021, Texas inaruhusu watu wazima wengi kubeba bastola bila kibali, lakini katazo hili halikuondolewa. Ndugu ambaye makaratasi yake bado yako uhamiaji asidhani bastola iliyosahauliwa kiunoni ni jambo dogo.

Mlinzi anayeletwa na kampuni ya ulinzi naye hufuata sheria ya jimbo: awe na leseni, na akibeba silaha masharti yanaongezeka. Lakini promota wetu mara nyingi humchukua jamaa mwenye kifua kipana, akampa fulana nyeusi na kumsimamisha mlangoni. Jamaa ni mtu mwema. Siku vurugu zikitokea, hajui afungue mlango gani.

Mji wa Houston uliongeza sheria yake Aprili 2022, wakati wa Meya Sylvester Turner, baada ya uhalifu wa kutumia nguvu kupanda. Baa, klabu za usiku na biashara nyingine kadhaa zililazimishwa kuweka kamera za nje, kutunza picha kwa siku 30, na kuwapa polisi ndani ya saa 72 wakizihitaji. Kamera inasaidia kumpata aliyefyatua risasi kwenye maegesho. Katoni za bia hazisogezi.

Nyumbani nako tumelia. Oktoba 1, 2008, siku ya Idd el Fitr, watoto wapatao 20 walikufa katika ukumbi wa disko mjini Tabora baada ya kujazwa kupita kiasi. Disko toto likapigwa marufuku, na hadi miaka ya karibuni polisi hulikumbusha katazo hilo sikukuu zinapokaribia. Kampala, usiku wa kuingia mwaka 2023, watu wasiopungua 9, wengi wao vijana na watoto, walifia katika jengo la maduka la Freedom City, pale umati ulipokazana kupita katika njia nyembamba kutoka kutazama fataki.

Kenya ilipotunga sheria ya vileo mwaka 2010, ile watu waliyoiita sheria ya Mututho, gumzo la mitaani lilikuwa saa: baa zifunguliwe saa 11 jioni na kufungwa saa 5 usiku siku za kazi. Saa ni rahisi kusimamia, polisi anatazama tu mkono wake. Kuhesabu vichwa na kupima upana wa mlango kunataka mtu aingie ndani, tena usiku, wakati muziki unapigwa na promota anataka kuuza tiketi za mwisho.

Nilimpigia promota wa usiku ule wiki iliyofuata, mtu tunayefahamiana. Alinisikiliza, akasema ukumbi si wake, yeye amekodi tu. Mwenye ukumbi, alisema, anadai katoni ziliwekwa na watu wa promota. Anayeona njia ya kutokea imezibwa mjini Houston anaweza kupiga 311, na hatari ikiwa ya papo hapo ni 911. Onyesho lijalo liko ukumbi ule ule, na tiketi zimeanza kuuzwa.