Kihaya Katika Kanda

Wapenzi wa roki mjini Bukoba hupenda kukumbusha kwamba Freddie Mercury wa kundi la Queen alizaliwa Unguja, mwaka 1946. Nami naipenda santuri yao ya 1975, "A Night at the Opera", kwa jinsi sauti zinavyopandana. Lakini sikio langu lilifunzwa na kanda ya Saida Karoli ya 2001, yenye "Maria Salome". Kihaya, ambacho baadhi ya vijana wetu walikionea haya mjini, kilivuma Dar es Salaam, kikaimbwa na wasiokijua. Diamond Platnumz alipoufufua wimbo huo mwaka 2016, wanangu walidhani ni mpya. Niliwawekea ule wa awali. Bibi yao wa Muleba akapata kazi ya kutafsiri.