Mjerumani wa Mtumba: Ya Kweli na ya Vijiweni

Tangaza tu kwamba unataka kununua Mercedes C-Class, BMW 3 Series au Audi A4 iliyotumika Japani, uone ushauri utakavyomiminika. Shemeji atasema utauza kiwanja ununue spea. Jirani atasema gari hilo halitaki petroli yetu. Fundi wa mtaani naye ana lake. Bila shaka umeshayasikia mengi ya aina hii, na pengine mawili matatu umeyasambaza mwenyewe. Tuyapime.

"Magari ya Mjerumani yanaharibika ovyo."

Uongo, ingawa una chanzo. Kila injini ina ugonjwa wake unaojulikana. BMW ya umbo la F30 yenye injini ya N20, hasa ya miaka ya mwanzo, ina reli za plastiki zinazoongoza cheni ya injini, na reli hizo huchakaa na kukatika. Audi A4 ya umbo la B8 yenye TFSI ya lita 2.0 ilipata sifa ya kunywa oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Kwenye C-Class ya W204 yenye injini ya M271, cheni hurefuka na meno ya gia zake hulika. Dalili yake ni mlio wa kukwaruza unaosikika sekunde chache asubuhi gari linapowashwa, kisha unapotea. Kwa hiyo mtu akikuambia "BMW ni mbovu", muulize: injini gani, ya mwaka gani? Asipojua, hajakuambia kitu cha kukusaidia.

Matatizo mengine mengi tunayatengeneza wenyewe. Gari linafika kwa mmiliki wa tatu, linahudumiwa kama Corolla ya miaka ya tisini, halafu likifa analaumiwa Mjerumani.

"Kwetu kuna joto. Thamostati ya nini? Itoe!"

Uongo, na kwa maoni yangu ndio uliowatia watu hasara kuliko wote. Wengi wanadhani thamostati iliwekwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya. Kazi yake ni kuishika injini kwenye joto ililoundiwa, takriban nyuzi 90, iwe uko Munich au Tabata. Kwenye BMW nyingi inaongozwa na kompyuta: ukiendesha taratibu, injini huachwa ipande hata kupita nyuzi 100 ili ile mafuta kidogo, ukikanyaga, joto hushushwa. Maji hayachemki hapo kwa sababu mfumo umefungwa na una mgandamizo.

Ukiitoa, maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote na injini inachelewa kupata moto, au haiupati kabisa asubuhi ya Julai pale Nairobi. Kompyuta ikiona injini ni baridi huongeza petroli. Unyevu na mvuke wa petroli unaoingia kwenye oili haupati joto la kuufukuza, na oili inaanza kugeuka tope. Mwisho taa ya injini inawaka, unaambiwa ni "sensa".

Na kile kilichokuwa kinachemsha gari kwenye foleni, hadi ukashauriwa kuitoa thamostati, bado kipo palepale. Inaweza kuwa feni, kifuniko kisichoshika mgandamizo, au pampu ya maji, ambayo kwenye BMW nyingi za kizazi hiki ni ya umeme na hufa bila kupiga kelele. Au ni plastiki. Jaribu kubonyeza kiungio cha plastiki cha bomba la kulanti kwenye BMW ya miaka kumi ambacho hakijawahi kubadilishwa: kinameguka kama biskuti na vipande vinabaki vidoleni. Badilisha viungio hivyo kabla havijakuacha njiani, na thamostati weka mpya.

"Maji ya bomba yanatosha kwenye rejeta."

Uongo. Injini hizi zina alumini nyingi, na maji matupu huleta kutu na magadi. Nairobi, kwa mwinuko wake, maji yakiwa wazi huchemka kwenye nyuzi kama 94 tu. Kulanti hupandisha kiwango hicho na kulinda chuma. Usichague kwa rangi, kwani kila kampuni hutia rangi itakayo. Fuata namba ya kiwango iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

"Oili ya giaboksi ni ya maisha, haibadilishwi."

Uongo, japo huu umetoka kiwandani kwenyewe. BMW imekuwa ikiuza giaboksi zenye oili "ya maisha", lakini ZF, kampuni ya Ujerumani inayozitengeneza giaboksi hizo za otomatiki, inashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au ikifika miaka 8. Mimi namsikiliza aliyeitengeneza giaboksi. Kwenye ZF hizi filta imeungana na sampu ya plastiki, kwa hiyo sampu nzima hubadilishwa, usishangae bei. Mercedes nao kwenye giaboksi yao ya gia 7 waliweka ubadilishaji wa oili ndani ya ratiba ya huduma.

Na ule msemo wa kwamba ukigusa oili ya zamani giaboksi inakufa? Mara nyingi mtu hukumbuka kubadilisha pale gia zinapokuwa zimeshaanza kuteleza. Giaboksi hiyo ilikuwa imeshachoka, oili mpya ikabeba lawama.

"Oili ya injini usiiache ikae sana."

Kweli, na hapa wazee wanawashinda watengenezaji. Huko Ulaya, C-Class inaweza kuruhusiwa kwenda hadi kilomita 25,000 au mwaka mmoja kabla ya huduma. Hesabu hiyo haikufikiria saa mbili za foleni ya Ubungo, injini ikiunguruma huku kilomita hazisogei. Oili nzuri ya sintetiki si lazima uimwage kila kilomita 5,000, ila kwa mazingira yetu mimi sivuki 10,000 wala mwaka. Kikubwa zaidi ni kiwango: tafuta kwenye kopo maandishi kama MB 229.5, BMW Longlife-01 au VW 502 00, kulingana na kitabu cha gari lako. Rangi nyeusi pekee haina maana kwamba imeharibika. Oili inayosafisha injini lazima ichafuke. BMW nyingi hazina kijiti cha kupimia, kiwango kinasomwa kwenye skrini, kwa hiyo jifunze kukisoma.

"Kwenye mteremko weka nyutro, uokoe mafuta."

Uongo, na ni hatari. Ukiachia mafuta gari likiwa kwenye gia, kompyuta hukata petroli kabisa na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka nyutro, injini inahitaji petroli ya kuunguruma, na unabaki na breki peke yake. Mlima Kitonga si mahali pa kufanya majaribio hayo. Kuna BMW zinazoachia gia zenyewe kwenye hali ya Eco Pro, lakini hapo kompyuta ndiyo inayoamua.

"Toa masega, gari lipate nguvu."

Uongo. Ndani ya masega, yaani kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, kuna seramiki yenye vitundu vidogo vilivyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya thamani. Anayekushauri kuyatoa, muulize yatakwenda wapi baadaye. Ni kweli kwamba masega yaliyoziba huua nguvu ya gari, ila huzibwa na kitu: koili mbovu inayoacha petroli bila kuungua, au injini inayokula oili. Tibu hicho kwanza.

"Taa ya injini isikutishe, ni sensa tu."

Nusu kweli. Ikiwaka ya njano bila kupepesa, na gari linakwenda vizuri, unaweza kufika gereji ukapimwe kwa kompyuta. Ikipepesa, injini inakosa kuchoma na masega yanaungua muda huohuo. Punguza mwendo, simama. Na fundi akikata waya ili taa izime, badilisha fundi.

"Betri ni betri."

Uongo. Gari linalojizima kwenye foleni na kujiwasha linahitaji betri ya AGM au EFB. Kwenye BMW, kuanzia kizazi cha E90, kompyuta lazima iambiwe kwamba betri ni mpya, la sivyo itaendelea kuichaji kama ile kuukuu.

"Linataka petroli ya bei kali."

Nusu kweli. Fungua kifuniko cha tangi usome oktani inayotakiwa. Gari la Japani huenda limeandikwa kwa Kijapani kwamba linataka petroli ya juu, ambayo kwao huanzia oktani 96, wakati ya kawaida huanzia 89. Jaza inayokaribia maandishi hayo. Kuzidisha hapo hakuongezi nguvu ya maana.

"Rahisi ni ghali."

Kweli tupu. Gari la Mjerumani hushuka bei haraka, ila spea zake hazishuki nalo. Kabla ya kununua, weka pembeni fedha za huduma ya kwanza: oili zote, kulanti, plagi, mipira, breki.

"Kilomita chache, gari zima."

Uongo ukiitegemea dashibodi peke yake, maana namba zake huchezewa. Japani gari dogo la binafsi hukaguliwa miaka 3 baada ya kuandikishwa jipya, kisha kila miaka 2, na kilomita huandikwa. Omba cheti cha kusafirishia gari nje, kina kilomita hizo. Omba na karatasi ya mnada: daraja la R au RA humaanisha lilipata ajali likatengenezwa. Kisha inama uangalie tairi. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa; 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Gari la 2015 linalodai kilomita 30,000 huku likiwa na tairi zote za 2019 zilizokwisha, linahitaji maelezo. Muuzaji akisita kukuonyesha karatasi hizo mbili, liache hata kama rangi imekuteka.