1080p Peke Yake Haitoshi

Anayejaziwa filamu kwenye flashi katika soko la Nyamache hurudi nyumbani na majina marefu yenye vipande kama 1080p, WEB-DL, x265 na AAC, hii ya mwisho ikihusu sauti. Wengi hutafuta 1080p tu, wakiamini kuwa namba kubwa ndiyo picha safi. Imani hiyo ina kasoro. Namba hiyo hutaja ukubwa wa fremu: pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, yaani nukta 2,073,600. Haisemi nukta hizo zimepewa data kiasi gani. Tuchukue filamu ya saa mbili, fremu 24 kwa sekunde, iliyobanwa hadi megabaiti 700. Tukigawanya, biti moja inahudumia takriban pikseli 64, hata kabla ya kutenga fungu la sauti. Faili lenye uzito huohuo likiwa la 720p, biti moja ingehudumia pikseli 28 hivi. Ndiyo maana 1080p iliyobanwa kupita kiasi huonyesha vijisanduku wakati wa mbio au mvua, ilhali 720p yenye uzito uleule huweza kutulia.

Chanzo nacho kina uzito wake. WEB-DL ni faili lililochukuliwa kama lilivyotoka kwenye huduma ya mtandaoni. WEBRip limerekodiwa au kubanwa upya, na kila ubanaji wa aina hii hupoteza kitu kisichorudi. BluRay hudokeza kuwa kazi ilianzia kwenye diski yenye picha nono. CAM ni kamera iliyoelekezwa kwenye pazia la sinema. Hata ikiitwa 1080p, haiwezi kuonyesha ambacho lenzi haikukiona. Neno CAM pia ni ushahidi kuwa filamu ilinaswa bila idhini, jambo ambalo Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hailiruhusu.

Mtu anaweza kupinga kwamba x265, yaani ubanaji wa kiwango cha H.265, imeondoa tatizo la uzito. Ana hoja: kiwango cha H.265 cha mwaka 2013 kilikusudiwa kutoa ubora uleule kwa takriban nusu ya data ya H.264 ya mwaka 2003. Lakini nusu nayo ina kikomo, na runinga nyingi za zamani hazikijui kiwango hicho: hutoa sauti bila picha, au hukataa faili zima. Kwa mwenye runinga kama hiyo, x264, yaani ubanaji wa H.264, ndiyo chaguo la busara. Pingamizi la pili ni kwamba jina la faili huandikwa na yeyote apendaye. Ni kweli, na ndiyo sababu jina lipimwe kwa urefu na uzito wa faili, kisha maelezo ya kodeki, yaani mbinu iliyotumika kubana, yakaguliwe ndani ya programu kama VLC.

Maarifa haya hayaishii kwenye filamu. Video ya harusi au ya mazishi hubanwa kwa kodeki hizohizo, nayo haina nakala nyingine dukani. Anayemlipa mpiga video amwombe faili la kwanza kabla halijapunguzwa kwa ajili ya WhatsApp, kwa kuwa sura ya nyanya ikishapotea katika ubanaji, hakuna namba itakayoirudisha.