Alama Zinapobadilishwa

Shangazi yangu aliye Marekani huhesabu chakula kama mwalimu anayesahihisha mtihani! Yumo katika Weight Watchers, mpango wa kupunguza uzito ulioanza 1963. Kila mlo una alama, naye ana kiwango chake cha siku. Kazi huja hesabu inapogeuzwa. Mwaka 2010 matunda mengi yalifanywa sufuri. Mwishoni mwa 2015 vyakula vya sukari vikapanda. 2017 mayai na maharagwe yakawa sufuri pia. Ati sufuri! Jamani, ndizi ya sufuri ina sukari ileile ya jana, na shangazi ana kisukari. Basi yeye huandika alama mpya kando ya zile za zamani, akaendelea kula ndizi moja tu.