Mariamu Chini ya Msalaba: Funzo kwa Askari

Mjini Mbale, penye Mto Nabuyonga, Waislamu na Wakristo pia humheshimu Mariamu. Sura ya 19 ya Kurani yaitwa kwa jina lake. Nayo Injili ya Yohana yamweka karibu na msalaba, pale pale askari walipogawana mavazi ya mwanawe.

Hakuna Injili isemayo kwamba Mariamu aliipakata maiti. Wachoraji na wachongaji ndio waliotuonyesha hivyo. Sanamu ya Michelangelo iliyoko Vatikani, aliyoimaliza mwaka 1499, ni ya mama aliyeketi, mwanawe mfu mapajani.

Sisi tuvaao sare twaijua sura hiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai, 2022, Nabuyonga ulifurika, na mafuriko ya Mbale yakaua zaidi ya watu 20. Wanajeshi na polisi walishirikiana na wananchi kuitafuta miili. Kwenye ukingo wa mto wa namna hiyo, daima yupo mama angojaye.

Ndugu askari, tumefunzwa kwata na shabaha. Kumkabidhi mama maiti ya mwanawe nako ni kazi ya ulinzi. Tumfunike marehemu, tumwepushe na macho ya watazamaji, tumtaje kwa jina lake, tusidai malipo. Askari wa msalabani waligawana nguo. Sisi tusichukue hata kiatu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi; wajibu wetu ni kutouongeza.